Taa za Ukungu: Lini Ziwashwe na Lini Zizimwe

Wateja wengi wanaotuletea magari ili tuwarekebishie taa huamini kwamba taa za ukungu ni nyongeza ya taa kubwa, na kwamba kadiri mwanga unavyozidi ndivyo dereva anavyoona vizuri zaidi. Ndani ya ukungu mambo huenda kinyume. Ukungu ni vitone vidogo mno vya maji vilivyotanda hewani, na kila kitone hutawanya mwanga unaokifikia, sehemu yake ikirudi machoni mwa dereva mwenyewe. Ndiyo maana anayewasha taa fulu kwenye ukungu mzito huona mbele yake ukuta mweupe badala ya barabara.

Taa za ukungu za mbele zimeundwa kulikwepa tatizo hilo. Hufungwa chini, kwa kawaida kwenye bampa, na mwanga wake ni mpana na bapa, uliokatwa kwa juu, hivyo hupita chini ya macho ya dereva na kumulika kingo za barabara pamoja na mistari iliyochorwa juu ya lami. Hazimuliki mbali, wala hazikukusudiwa kumulika mbali. Kwa hiyo zitumike pamoja na taa kubwa zilizoshushwa, na mwendo upunguzwe hadi dereva aweze kusimama ndani ya umbali anaouona. Rangi ya njano, ambayo huulizwa sana, haipenyi ukungu kuliko nyeupe kwa kiasi cha kutegemewa, kwa kuwa vitone hivyo ni vikubwa kiasi cha kutawanya rangi zote karibu sawasawa.

Taa ya ukungu ya nyuma ina kazi nyingine kabisa, nayo ni kumwezesha anayekufuata akuone mapema. Ni nyekundu, na ukali wake unakaribia ule wa taa ya breki. Magari mengi yana moja tu, jambo linalowafanya baadhi ya wateja watufikie wakidhani balbu ya upande wa pili imeungua. Kosa linalotusumbua zaidi ni la dereva anayeisahau ikiwaka baada ya ukungu kuisha, kwa sababu aliye nyuma huumizwa macho na huenda akachelewa kutambua kwamba breki imekanyagwa. Kwenye dashibodi, alama ya taa za mbele huwa ya kijani na ya nyuma huwa ya rangi ya chungwa, zote zikiwa na miale iliyokatwa na mstari wa mawimbi.

Kuhusu umbali wa kuona unaoruhusu taa hizi ziwashwe, mwongozo wa barabara wa Uingereza hutaja uoni ulio chini ya mita 100, takriban urefu wa uwanja wa mpira, ilhali sheria ya Ujerumani huruhusu ile ya nyuma pale tu ukungu unapopunguza uoni chini ya mita 50. Manyunyu ya kawaida au giza la usiku mkavu si sababu ya kuziwasha. Tunawasihi pia madereva wasiutegemee mfumo wa gari unaojiwashia taa wenyewe: kihisi chake hupima giza, si ukungu, na asubuhi yenye ukungu mweupe kinaweza kuacha taa za nyuma zikiwa zimezimwa kabisa.

Gari likifika kwetu, tunaanza na kioo cha taa, kwa kuwa unyevu ulioingia ndani huharibu umbo la mwanga, kisha tunakagua waya, fyuzi na rilei (swichi inayoendeshwa na umeme). Hatushauri kuweka balbu yenye wati nyingi kuliko zilizoandikwa na mtengenezaji, kwani joto lake huweza kuyeyusha kishikio, wala balbu ya LED ndani ya taa iliyoundwa kwa balbu ya halojeni (ya waya unaowaka), ambayo mara nyingi hutupa mwanga juu, kulekule kwenye ukungu. Mwisho tunaliegesha gari mbele ya ukuta, mahali tambarare, na kurekebisha taa hadi ukingo wa juu wa mwanga uwe chini ya kimo cha taa zenyewe.