Wimbo wa saba na wa nane

Dar es Salaam

Swahiba Shabani,

Salaam nyingi. Huku Magomeni sote wazima, mama anakusalimu na anauliza lini utakuja tena kula pweza. Barua yako nimeipata. Unasema bendi imekwama: nyimbo mnazo, bei ya studio mmeshapewa, lakini tangu mpiga dramu wenu afariki hakuna anayethubutu kusema "haya, turekodi". Kanda za mazoezi alizoacha nazo hamjui mzifanyeje. Halafu humo humo ukanichokoza, eti labda "wazee wangu wa Kizungu" wana jawabu.

Basi wanalo, nusu yake hivi. Unajua kwamba Rolling Stones, ile bendi ya rock ya Uingereza, yaliwakuta hayo hayo?

Charlie Watts, mpiga dramu wao, alifariki London tarehe 24 Agosti 2021, akiwa na miaka 80. Alikikalia kile kiti tangu Januari 1963, na hakuna albamu yao hata moja iliyotoka bila mkono wake. Wewe ni mtu wa bendi, utanielewa nikisema hivi: kwingine gitaa humfuata mpiga dramu, lakini kwa Stones Charlie ndiye aliyemfuata mpiga gitaa, Keith Richards, na rithimu yake. Ndiyo maana pigo lake lilikuja limechelewa kidogo, kidogo kiasi cha kushindwa kulipima, ila kiuno kinalijua. Mtazame kwenye video yoyote. Kila mkono wa kushoto unaposhuka kwenye ngoma ndogo, wa kulia unainuka kutoka kwenye matoazi. Havipigwi pamoja. Sasa mtu wa namna hiyo unamrithisha nani?

Alijibu mwenyewe angali hai. Alipougua mwaka ule na ziara ikawa inakaribia, kiti alishikiwa na mpiga dramu Steve Jordan, na Keith amesimulia kwamba Charlie ndiye aliyempendekeza. Jordan hakuokotwa njiani. Alikuwa na Keith tangu miaka ya themanini, na ile albamu ya Keith peke yake ya 1988 waliitayarisha pamoja. Kwa hiyo siku ya msiba hapakuwa na usaili wala ugomvi wa nani anafaa. Nadhani hapo ndipo ninyi mlipopungukiwa, maana marehemu wenu hakumtaja mtu, na sasa kila mmoja anaogopa kutaja jina la kwanza.

Ila usidhani walikimbilia studio. Albamu yao ya mwisho ya nyimbo mpya wakati huo ilikuwa ya 2005. Miaka ikaenda, wanaingia studio, wanatoka, wanaacha vipande. Mick Jagger, mwimbaji wao, alikuja kukiri mbele ya watu kwamba ulikuwa uvivu tu.

Kati ya hapo lilitokea jambo moja ambalo mimi nalipenda kuliko albamu yenyewe. Desemba 2015 waliingia British Grove, studio ya Mark Knopfler pale London, kujaribu nyimbo mpya. Hazikwenda. Keith akapendekeza wapashe moto kwa wimbo wa zamani wa Little Walter, mpiga blues, ule muziki wa Wamarekani Weusi. Ukatoka vizuri, wakapiga mwingine, na mwingine. Kwa siku tatu wakawa na albamu nzima ya blues za watu, imerekodiwa chumba kimoja, wote kwa mpigo, kama zilivyorekodiwa bendi zetu pale Radio Tanzania. Eric Clapton alikuwa akifanya kazi zake studio hiyo hiyo, wakamwita, akapiga gitaa nyimbo mbili. Ilitoka Desemba 2016. Ukitaka kumsikia Charlie wa uzeeni akiwa amestarehe, isikilize hiyo.

Lakini nyimbo mpya bado zikawa hazina mwenyewe. Ziara ya Ulaya ya 2022 ilipokwisha, Mick akamwambia Keith: tuweke tarehe, na tarehe yenyewe Siku ya Wapendanao, Februari 2023. Keith hakuamini. Mick akashikilia. Don Was, aliyekuwa mtayarishaji wao tangu 1994, safari hii hakushika usukani. Aliletwa Andrew Watt, kijana aliyezaliwa 1990, wakati Mick na Keith wote ni wa 1943. Piga hesabu uone. Huyu alikuwa akija kazini na fulana ya Rolling Stones, kila siku fulana tofauti. Mpenzi wa kupindukia! Ungedhani angewaogopa, kumbe ndiye aliyewasukuma: mkirudia mara mbili tatu basi, twende wimbo unaofuata. Desemba 2022 walikuwa Los Angeles wakipiga, na hazikupita wiki nyingi nyimbo zaidi ya ishirini zilikuwa zimeshapigwa misingi. Albamu, jina lake Hackney Diamonds, ikatoka tarehe 20 Oktoba 2023, nyimbo 12.

Nitakwambia na nisichokipenda. Kijana ameipiga pasi mno. Nyimbo za mwanzo zimenyooka kama shati la harusi, na Stones hawakupata kuwa shati la harusi. Jordan anapiga vizuri, anapiga kwa nguvu, ila mguu wangu unatambua kwamba yule wa kuchelewa kidogo hayupo.

Ndipo unafika wimbo wa saba. Unaanza, na kabla akili haijafanya kazi mwili umeshatambua: huyu Charlie. Alizipiga dramu hizo 2019. Wa nane pia ni yeye, na hapo walifanya jambo la kiungwana kweli. Walimwita Bill Wyman, mpiga besi aliyeacha bendi tangu 1993, mzee wa miaka themanini na kitu, aje aweke besi juu ya dramu za Charlie. Elton John akaweka piano. Kwa hiyo wale wawili waliobeba mgongo wa bendi kwa miaka thelathini wanasikika tena pamoja, mmoja hai na mmoja kaburini, na hakuna hotuba, hakuna sauti ya huzuni, hakuna "tunamkumbuka". Ni wimbo wa kuchangamka! Hawakuziweka mwishoni ili tulie. Wameziacha katikati, mbili zimeongozana, kisha wa tisa anarudi Jordan na kazi inaendelea.

Wageni wengine nitakupitisha haraka. Stevie Wonder, aliyewafungulia jukwaa Marekani 1972, yumo kwenye kinanda, na Lady Gaga anapandishana sauti na Mick. Paul McCartney wa Beatles amepiga besi wimbo mmoja. Huyu alinichekesha, maana 2021 aliwaita Stones bendi ya kurudia blues za watu. Nao wakamkaribisha, kisha wakafunga albamu kwa blues ya mtu: ule wimbo wa Muddy Waters wa 1950 waliochukulia jina la bendi, Mick na Keith wawili tu, gitaa na kinanda cha mdomo.

Sasa kanda zako. Tofauti ni kwamba Charlie alirekodiwa studio, dramu zake zimekaa peke yake, wakati kanda ya mazoezi ina kila kitu kimechanganyika, na kelele za wateja wa baa juu yake. Zamani ningekwambia sahau. Lakini wiki mbili tu baada ya albamu hii, Beatles walitoa wimbo uliojengwa juu ya kaseti aliyojirekodi John Lennon nyumbani kwake miaka ya sabini. Sauti yake ilitenganishwa na piano kwa kompyuta. Programu za kazi hiyo siku hizi hata vijana wa studio za Sinza wanazo. Dramu hazitatoka safi kabisa. Zitatosha.

Nionavyo mimi, chagueni mbili ambazo amepiga vizuri kuliko zote, si zile zinazowaliza kuliko zote. Nyingine apige yule kijana aliyekuwa akimshikia nafasi alipougua. Mnamjua, mnamwonea haya tu kumwambia. Na yule mpiga besi wenu aliyewahamia Morogoro kwa hasira, mimi niko tayari kumpigia simu. Hasira za miaka yote hiyo nadhani zimeshapoa, na kama hazijapoa anitukane mimi.

Tarehe wekeni kabla ya Ramadhani, mkichelewa hapo mtaniambia mpaka Idi, kisha mpaka Sabasaba.

Kaseti zitume kwa basi, mpe kondakta unayemfahamu, zifungwe ndani ya nguo zisipigwe jua. Andika juu ya kila moja ni wimbo gani na mwaka gani, usiniachie kazi ya kubahatisha.

Wako,
Mwinyi