Waterloo sio ya Wellington peke yake, Blücher naye apewe haki yake

Ndugu Mhariri, salamu kwako na wenzako wote hapo chumba cha habari.

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua maana kila ikitajwa Waterloo, ile vita ya Juni 18, 1815 kule Ubelgiji, ni jemadari wa Waingereza Wellington tu, Wellington kampiga Napoleon wa Ufaransa, stori imeisha. Sasa yule mzee Blücher wa Prussia, ufalme wa Wajerumani enzi hizo, aliyetokea jioni na maelfu ya askari akambana Napoleon ubavuni pale kijiji cha Plancenoit, yeye alikuja kutazama?

Gebhard von Blücher kazaliwa Rostock 1742, na cha kuchekesha ni kwamba ujana wake alipigana upande wa Sweden dhidi ya hao hao Prussia, 1760 wakamteka, wakaona kijana anafaa, akahamia kwao jumla. Ila mdomo hauna breki, halafu mnywaji na kamari ndo usiseme. Aliporukwa kwenye kupandishwa cheo akaandika barua ya kuacha kazi, na inasimuliwa Mfalme Frederick alijibu huyo kapteni aende kwa shetani. Akaenda kulima! Miaka na miaka mtu yuko shambani, mpaka mfalme kafariki 1786 ndo mwaka uliofuata akarudishwa jeshini.

1806 Napoleon akaisaga Prussia pale Jena na Auerstedt. Kuna makamanda walikabidhi ngome bila hata kupigana, Blücher yeye alirudi nyuma huku anapigana mpaka Lübeck, na alipojisalimisha pale Ratekau akaandika kabisa kwenye hati kwamba anafanya hivyo kwa sababu hana mkate wala risasi. Mi hapo ndo nilianza kumpenda.

Watu wanasema alikuwa na bahati tu, shule hana. Nakataa. Ramani na mahesabu alijua sio fani yake, kwa hiyo akamwachia mnadhimu wake Gneisenau, yeye akabaki na kazi ya kuwafanya askari wasonge, na Warusi waliokuwa chini yake 1813 wakambatiza Jemadari Songa Mbele. Oxford walipompa udaktari wa heshima 1814 akasema basi Gneisenau apewe ufamasia, maana ndiye anayemtengenezea vidonge. Mkubwa gani anamsifia msaidizi wake hivyo mbele za watu?

Sasa njoo Juni 16, 1815, pale Ligny. Mzee ana miaka 72, farasi wake kapigwa risasi kamwangukia, wapanda farasi wa Ufaransa wakapita hapo hapo alipolala bila kumjua, na msaidizi wake Nostitz hakumwacha. Prussia wamepigwa, mkuu hajulikani alipo, Gneisenau ikabidi aamue yeye, akalirudisha jeshi kaskazini kuelekea Wavre badala ya kukimbilia mashariki kwao, na uamuzi huo ndo ulioiokoa siku ya Waterloo kwa sababu uliwaweka karibu na Waingereza. Lakini Gneisenau huyo huyo hakumwamini Wellington hata kidogo, aliyekaza kwamba lazima twende kumsaidia Wellington maana tumeahidi ni mzee Blücher, mwili umepondeka, ananuka dawa, na tarehe 18 yuko juu ya farasi anawahimiza vijana wakati mizinga inazama kwenye matope.

Simfanyi malaika. Walipoingia Paris alitaka kulipua daraja kisa linaitwa Jena, na kuna vipindi akili ilikuwa inamruka, Wellington mwenyewe alisimulia kwamba mzee aliwahi kumwambia ana mimba ya tembo. Alifariki Silesia 1819.

Kwa hiyo Mhariri mkija kuandika tena habari za Waterloo picha ya Wellington wekeni hakuna shida, ila na ya Blücher iwepo, ukubwa ule ule, na kama nafasi inaruhusu Gneisenau naye apate hata aya moja.

Ni mimi msomaji wenu,
Morogoro