Risala ya Kamati ya Wadau wa Kiwanja cha Ndege kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Uzinduzi wa Ukumbi Mpya wa Abiria

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa serikali na wa dini,
Ndugu Meneja wa Kiwanja na watumishi wenzako,
Wafanyabiashara, wasafiri, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutuamsha salama na kutukutanisha mahali hapa. Pili tunakushukuru wewe binafsi, Mheshimiwa, kwa kuukubali mwaliko wetu licha ya majukumu mazito uliyonayo. Tunajua umekuja kwa barabara, na sababu yake tunaijua pia: ndege inayokuja huku hutua mchana na kuondoka mchana huohuo, nawe ungelazimika kuagana nasi kabla hujakaa vizuri kitini. Kwa usumbufu huo tunakuomba radhi sana, na kwa ruhusa yako tutalieleza jambo hilo kwa kirefu baada ya muda mfupi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia ya kiwanja hiki ni ndefu na ratiba inatutaka tuwe wafupi. Kilianza kama uwanja wa nyasi wa ndege ndogo, kikamwagwa changarawe, kikawekwa lami, na baadaye njia ya kuruka na kutua ikarefushwa hadi mita 2,000 tulizonazo leo. Kila hatua ilikuwa na mgeni rasmi wake, na majina yao yote yapo kwenye mabamba ukutani pale mlangoni. La kwako limefungwa leo asubuhi.

Kwa upande wa mafanikio, kamati inajivunia hatua kubwa iliyopigwa. Ukumbi unaotuzindulia leo umeongezeka ukubwa maradufu, baada ya kuvunjwa ukuta uliotenganisha stoo ya mizigo na sebule ya wageni mashuhuri. Tumepata mzani wa kisasa unaosomeka pande zote mbili, na mabishano kati ya abiria na karani yamepungua kwa kiwango cha kuridhisha. Uzio wa mashariki umezibwa, na mifugo haionekani tena kwenye njia ya kurukia isipokuwa nyakati za mvua kubwa. Bustani ya maua imestawi kama unavyoiona. Aidha, kamati imefanikiwa kuyaandikia barua mashirika ya ndege ya nauli nafuu, na baadhi yao yamejibu.

Hapo ndipo tunapoomba utuvumilie, Mheshimiwa, kwa kuwa sehemu yote iliyobaki ya risala hii inahusu jambo moja tu, nalo ni taa za njia ya kuruka na kutua.

Shirika mojawapo kati ya hayo lilituma watu wake wawili kuja kutuona. Tuliwapokea kwa heshima zote. Tuliwatandikia mezani michoro, takwimu za abiria na orodha ya tozo ambazo tulikuwa tayari kuwaombea punguzo. Walisikiliza kwa adabu. Wakatembea hadi mwisho wa njia ya kurukia, wakainama kuitazama lami, wakahesabu hatua za maegesho ya ndege. Wakati wa kurudi, yule mkubwa wao aliuliza swali moja: "Mnafunga saa ngapi?" Ndugu Meneja, ambaye ni mtu mkweli, akamjibu kwamba tunafunga jua likizama. Yule bwana akaandika kitu kwenye kidaftari chake, akashukuru kwa mapokezi, wakapanda gari. Baadaye tukasikia ndege yao imeanza kutua kwa wenzetu wa kiwanja jirani, ambao ukumbi wao ni mdogo kuliko huu, na bustani hawana.

Tulijiuliza sana kosa letu liko wapi, na jibu tumelipata. Shirika la nauli nafuu haliwezi kutajirika kwa tiketi ya abiria mmoja. Faida yake hutokana na kuirusha ndege ileile mara nyingi kwa siku, maana ndege iliyoegeshwa haiingizi kitu, ilhali deni lake, bima yake na mishahara ya marubani vinaendelea kuhesabika. Southwest ya Marekani, iliyoanza kuruka mwaka 1971 kati ya Dallas, Houston na San Antonio, ilibanwa na fedha mwaka uliofuata ikauza ndege moja kati ya nne ilizokuwa nazo. Ratiba haikuguswa. Ndege tatu zikafanya kazi ya nne, kwa kushusha na kupakia abiria ndani ya dakika 10. Ryanair ya Ireland iliufuata mtindo huo, ikazijenga ratiba zake juu ya dakika 25 za ndege kukaa chini kati ya safari na safari. Shirika la namna hii huamka kabla ya jua na kulala usiku. Kiwanja kinachofanya kazi mchana peke yake kinapoliomba lije, kinaliomba livunje siku yake nzima kwa ajili ya kituo kimoja, tena kidogo.

Na hata likikubali kutupa safari ya alasiri, bado lipo suala la ucheleweshaji. Dakika chache zinazopotea asubuhi kwenye kiwanja cha kwanza huongezeka kila kituo, na zamu yetu ikifika rubani anakuwa anapiga hesabu za jua. Akiona hatawahi, anageuzia kwa jirani. Abiria waliomo ndani wanateremshwa huko na kuletwa hapa kwa basi usiku, na wale waliokuwa wakisubiri hapa wanarudi nyumbani na mizigo yao. Basi analilipia nani? Shirika. Mafuta ya kuzunguka? Shirika. Lawama zinabaki kwetu. Msimamizi wa zamu hapa kiwanjani siku hizi hutazama kivuli cha mlingoti wa bendera kuliko saa ya ukutani, na kwa haki yake tuseme huwa hakosei sana.

Msafiri wetu naye hajakaa kusubiri. Mfanyabiashara anataka kuondoka alfajiri, amalize shughuli zake, arudi usiku alale kwake. Safari hiyo kwetu haipo. Kwa hiyo basi la usiku linalowawahisha watu kwenye ndege ya alfajiri ya jirani hupita mbele ya geti letu hili, likiwa limejaa. Kila kiti kilichomo ni tozo ya abiria inayokwenda kulipwa kwingine, pamoja na teksi, chakula na maegesho ya gari ambayo yangelipiwa hapa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, katika vikao vilivyopita tulishauriwa tuyavutie mashirika kwa kupunguza tozo za kutua na za maegesho, na ikibidi tuwachangie fedha za kutangaza safari mpya. Ushauri huo tuliupokea kwa heshima. Hata hivyo, kila kiwanja kinachotafuta ndege kinapunguza tozo. Jirani amepunguza, na wa tatu ametamka kwamba yuko tayari kuziondoa kabisa kwa kipindi cha mwanzo. Katika mnada wa kushusha bei, kiwanja maskini hakiwezi kumaliza cha kwanza.

Tumeangalia pia yaliyowapata wenzetu wa mbali. Charleroi nchini Ubelgiji, ambako Ryanair ilifungua kituo chake cha kwanza katika Ulaya bara mwaka 2001, ilipata abiria wengi kwa makubaliano ya tozo za chini na michango ya kufungua safari. Abiria walikuja, na kesi ikaja. Februari 2004 Tume ya Ulaya iliamua kwamba sehemu ya unafuu ule ulikuwa msaada wa serikali usiokubalika, na Desemba 2008 mahakama ya Umoja wa Ulaya ikautengua uamuzi huo. Miaka yote hiyo mawakili walikuwa kazini. Sisi mawakili hatuna. Kisha kuna Frankfurt-Hahn ya Ujerumani, iliyokuwa kambi ya jeshi la anga la Marekani, zaidi ya kilomita 100 kutoka jiji ambalo jina lake imelichukua. Kwa miaka mingi ilitegemea nauli nafuu za Ryanair kujaza ukumbi wake wa abiria. Mwaka 2017 shirika hilo likaanza kutua pia kwenye kiwanja kikuu cha Frankfurt chenyewe, na Oktoba 2021 kampuni ya Hahn ikawasilisha maombi ya ufilisi.

Ndiyo maana kamati haiombi fedha za kulipa shirika lolote. Fedha hizo zikishatolewa, shirika likiona pazuri zaidi litaondoka nazo. Taa zitabaki ardhini. Ndege ya wagonjwa itazitumia, ndege ya mizigo itazitumia, na shirika la pili litakalokuja litazikuta. Tunachotaka kuwauzia wenye ndege ni saa za usiku, kwa kuwa ndizo wanazozihitaji, na ndizo jirani anazotushinda nazo.

Kuhusu ukubwa wa ombi lenyewe, tunaomba lisikutishe. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, zinataka taa za ukingoni mwa njia ambayo rubani huitua kwa msaada wa vyombo vya kuongozea ndege zisiachane kwa zaidi ya mita 60. Kwa mita 2,000 ni taa kama 70 hivi, pande zote mbili zikijumlishwa. Zipo za kijani zinazoonyesha mwanzo wa njia na nyekundu zinazoonyesha mwisho wake. Zipo zile nne za pembeni zinazomwambia rubani kama anashuka kwa mteremko unaofaa: akiona nyeupe mbili na nyekundu mbili yuko sawa, zote zikiwa nyekundu yuko chini mno. Ipo jenereta ya kujiwasha yenyewe, maana umeme ukikatika taa zinatakiwa ziwe zimerudi ndani ya sekunde 15. Na hatutaki tukufiche: zitahitajika zamu za usiku za waongoza ndege na zimamoto, ambao bila wao taa zote hizo ni mapambo. Ombi letu limewajumuisha na wao.

Jambo hili, Mheshimiwa, si geni mezani. Mgeni rasmi aliyezindua lami alituahidi taa. Aliyemfuata, aliyekuja kuzindua maegesho ya magari, alitueleza kwamba upembuzi yakinifu umekamilika, tukapiga makofi. Baada yake tukaambiwa fedha zimetengwa. Mwaka wa fedha ulipoisha tukaambiwa zilitengwa lakini hazikutoka. Mitaro ilichimbwa kandokando ya njia, mabomba ya kupitishia nyaya yakalazwa na kufukiwa, mkandarasi akaondoka akisema anakwenda kufuata nyaya. Hatujawahi kumsema vibaya. Huenda bado anazifuata. Mabomba yenyewe midomo yake ilikaa wazi, mvua imeyajaza udongo, na fundi wetu anakadiria kwamba mengine itabidi yafukuliwe upya. Jiwe la msingi la mradi huo lipo. Umelipita mkono wa kushoto ulipoingia getini. Hupakwa chokaa kila tunapopata mgeni, na jana limepakwa.

Hatuyasemi haya kwa kulaumu. Viongozi wote hao tunawaheshimu, na tunaamini walituahidi kwa nia njema. Ila wananchi waliokaa chini ya mahema haya ni walewale waliopiga vigelegele nyakati hizo zote, na wengine leo wamekuja kwa kubembelezwa. Huko Castellón, Hispania, kiwanja kizima kilizinduliwa Machi 2011 kikiwa hakina hata ndege moja ya ratiba, na ya kwanza ilitua Septemba 2015. Shughuli ya leo haifanani na hiyo hata kidogo. Sisi ndege tunayo, ya mchana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kinachotufanya tuwe na haraka ni barua. Wale mabwana wawili wametuandikia tena, na barua yao ipo mezani kwa katibu. Ni fupi. Wanasema kwa jirani maegesho yameanza kubana, na wanauliza kama saa zetu za kufunga zimebadilika au zitabadilika lini. Ratiba za ndege hupangwa kwa misimu miwili, mmoja ukianza Jumapili ya mwisho ya Machi na mwingine Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na shirika huamua miezi mingi kabla ndege ipi italala wapi. Tukichelewa kujibu, tutakuwa tumechelewa kwa msimu mzima, na si hakika kwamba wataandika mara ya tatu. Kiwanja cha tatu tulichokitaja juu nacho kimepata barua kama hiyo, na tunasikia kwake nguzo zimeshaanza kusimikwa.

Kwa hiyo tunakuomba kwa unyenyekevu, utakaposimama kuzungumza, ututajie mwezi ambao nyaya zitafika na mkandarasi atarudi kazini. Kama mwezi huo hauwezi kutajwa leo, tunaomba pia tuambiwe hivyo waziwazi. Hatutavunjika moyo kuliko tulivyozoea, na katibu atajua la kuandika kwenye jibu, ambalo anakusudia kulituma kesho asubuhi. Nafasi ya tarehe ameiacha wazi.

Tunakutakia afya njema na safari njema ya kurudi. Tunashauri uianze mapema, kwa kuwa barabara ni ndefu.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu,
kwa niaba ya Kamati ya Wadau wa Kiwanja cha Ndege