Barua ya wazi kwa wazee wenzangu wanaokwenda kulala katika milima ya Usambara

Ndugu zangu wa kikundi chetu cha matembezi, wake kwa waume,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ama baada ya salamu, nimeona ni wajibu wangu kukuandikieni barua hii kabla hamjafunga mizigo, kwa sababu katika mazungumzo yote ya safari yenu ya Julai nimesikia habari za viatu, za nauli na za nani atabeba sufuria, lakini sijasikia hata mmoja akiuliza usiku mtalalaje. Mimi ndiye mkubwa wenu kwa umri, nimetimiza miaka 69, nimefanya kazi ya uuguzi hapa Pemba mpaka nikastaafu, na tangu ujana wangu ni mtu wa kuona baridi: kipupwe kikiingia, blanketi la kwanza kutoka sandukuni huwa ni langu. Usambara nimelala hemani mara 4. Mwaka huu magoti hayaniruhusu kufuatana nanyi, na kwa kuwa sitakuwapo usiku huo kumwamsha anayetetemeka, nayasema hapa yote ninayoyajua.

Kwanza fahamuni mnakwenda wapi. Hapa kwetu usiku wa Julai wenye baridi kali huwa wa nyuzi 21 au 22, na shuka moja inatutosha. Hewa hupoa kwa kadiri ya nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 za kupanda. Lushoto iko kwenye kiasi cha mita 1,400, na njia za msitu wa Magamba hupanda hadi kupita mita 2,000, kwa hiyo huko juu usiku mtakuwa kwenye nyuzi 8 au 9, pengine chini ya hapo mbingu zikiwa wazi. Kijana wa Lushoto ataiona ni baridi ya kawaida. Sisi tuliozaliwa na kuzeekea kando ya bahari tutaiona vingine, hasa kwa kuwa pamoja nayo kuna ukungu na umande unaolowesha kila kilichoachwa nje.

Mara yangu ya kwanza nilichukua mablanketi mawili mazito, nikajifunika yote mawili, na chini nikatandika mkeka na sponji yenye unene wa kidole. Nililala vizuri mpaka kama saa 7 za usiku. Nilipoamka, kifua changu kilikuwa na joto lakini nyonga na bega nililolalia vilikuwa vimepoa kama mtungi wa maji, na kila nikigeuka, baridi ilihamia upande wa pili. Nikadhani naumwa. Mwenzangu wa hemani, ambaye alikuwa mzoefu, aliniambia nitoe blanketi moja juu nilikunje mara mbili na kulilalia. Nikalala mpaka alfajiri kwa blanketi moja tu la kujifunika. Ndipo nilipojua kwamba ardhi ndiyo iliyokuwa ikininyonya joto usiku ule, na mimi nilikuwa nikijikinga na baridi ya juu tu.

Sababu yake mnaijua nyote, ila pengine hamjaifikiria. Hakuna mfuko wa kulalia wala blanketi linalotoa joto; joto ni la mwili wako, na kazi ya kilichokufunika ni kulizuia lisiondoke, kwa njia ya hewa iliyonaswa ndani yake. Mkumbuke mto wa sufi. Ukikaa siku nyingi hushikana, na bibi zetu walikuwa wakiuanika juani na kuuchambua kwa vidole mpaka ukafura, kwa sababu sufi iliyofura ndiyo yenye hewa. Mfuko wa kulalia ni vivyo hivyo. Upande unaoulalia umeshabanwa na uzito wako, hewa imetoka, na hauna tena faida kubwa. Chini kunahitaji kitu kisichobanika. Magodoro ya safari hupimwa kwa namba iitwayo R, na namba ikiwa kubwa, joto linalonyonywa na ardhi hupungua. Mtu wa umri wetu na mwenye kuona baridi asikubali chini ya 4. Namba hizo hujumlishwa, kwa hiyo anayeshindwa bei ya godoro zuri aweke sponji ngumu chini na godoro la kujaza upepo juu yake. Godoro la upepo tupu lisilo na kitu ndani msilitegemee peke yake, maana hewa yake huzunguka na kuchukua joto lako kulipeleka chini.

Katika mfuko wenyewe, angalieni sana namba ya baridi iliyoandikwa. Mimi niliwahi kukodi mfuko ambao mwenye duka aliniapia kuwa unafaa hadi nyuzi 5, na usiku wa nyuzi 9 niliamka nikitetemeka. Baadaye nilisoma namna zinavyopimwa, nikaelewa. Kipimo cha kimataifa kina namba mbili za kuangalia: moja ni ya starehe, ambayo inakisiwa kwa mwanamke aliyelala amejinyoosha, na ya pili ni ya mpaka, ambayo inakisiwa kwa mwanamume aliyejikunja. Wote wawili wanahesabiwa kuwa na miaka 25. Niliyoambiwa mimi ilikuwa ya mpaka. Basi ulizeni namba ya starehe, nyinyi wanaume pia, halafu chagueni mfuko ambao namba yake iko chini ya baridi mnayoitarajia kwa nyuzi 5 au zaidi. Kwa safari hii, mfuko wa starehe ya nyuzi 2 au 3 utakutosheni. Ule wa manyoya ya bata ni mwepesi, lakini ukilowa husinyaa na kupoteza nguvu, na kwa ukungu wa Usambara napendelea ule uliojazwa nyuzinyuzi zinazotengenezwa viwandani. Mkifika kambini, mfuko utolewe mapema na ukung'utwe, usingoje saa ya kulala.

Sasa niseme kama muuguzi. Mwili wa mzee una misuli michache, na misuli ndiyo jiko letu. Mishipa ya ngozini haijikazi haraka kama zamani kulifungia joto ndani, na wengi wetu hatuisikii baridi mpaka imeshatuingia. Wenye kutumia propranolol au atenolol kwa ajili ya presha wajue kwamba dawa hizo zinaweza kupoza vidole vya mikono na miguu. Dawa msiache, ongezeni soksi. Dawa za usingizi zibaki nyumbani.

Jiko halina budi kutiwa kuni. Kabla ya kulala kuleni kitu chenye mafuta, kama konzi ya korosho au karanga pamoja na tende, na kingine kama hicho kiwe karibu na kichwa kwa ajili ya kati ya usiku. Tembeeni kidogo ili muingie kitandani na joto, kwa sababu anayeingia amepoa hukaa amepoa. Kisha kuna chupa ya maji moto, ambayo kwangu imekuwa na thamani kuliko blanketi la tatu. Iwe chupa ngumu inayohimili maji yaliyochemka, kwani zile za maji ya dukani hulegea na kujikunja. Ifungwe, ipinduliwe kuona kama inavuja, itiwe ndani ya soksi nene, na iwekwe katikati ya mapaja, mahali ambapo mishipa mikubwa inapita. Wenye sukari msiiweke miguuni hata kidogo. Mguu uliokufa ganzi haujui kuwa unaungua, na nimeuguza vidonda vya namna hiyo kwa miezi.

Nguo ulizotembea nazo zina jasho, hata kama hulioni, nazo zisiingie kitandani. Wekeni seti moja ya kulalia isiyoguswa mchana, ya sufu au ya kitambaa cha michezo, pamoja na soksi zake na kofia. Pamba ikilowa haikauki upesi, na hapa nawasemesha hasa akina mama: kanga na ushungi tuliozoea ni vya pamba, basi usiku ushungi uwe wa sufu, ufunike masikio na shingo. Pua na mdomo viachwe nje, kwa sababu pumzi ndani ya mfuko ni maji. Mlango wa hema uachwe wazi kidogo kwa sababu hiyo hiyo.

Jiko la makaa lisiingie hemani, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu. Moshi wake usioonekana wala kunuka huua watu wakiwa wamelala, na kwa hili sina la kuongeza.

Haja ndogo msiizuie. Ukiamka kwa haja, usingizi haurudi mpaka utoke, na kadiri unavyochelewa ndivyo unavyozidi kukosa raha. Wengine hupunguza maji jioni kwa kukhofia kutoka nje. Kunyweni vya kutosha mchana, mpunguze kidogo tu usiku, na taa na viatu viwe mahali ambapo mkono unafika.

Kuhusu alfajiri, kila jioni jazeni chupa moja ya chai kwa maji ya moto ya udhu. Maji ya Magamba saa 11 za alfajiri huchoma vidole vya mzee. Mkimaliza, futeni kila mahali mpaka pakauke, hasa kati ya vidole, kabla ya kuvaa soksi.

Mwisho wa mashauri yangu ni mgumu kwetu sisi tuliolelewa kutolalamika. Anayetetemeka amwambie mwenzake wa hemani mara moja, akiwa bado anaweza kutetemeka. Mkimwona mtu maneno yake yanavurugika, anajikwaa, au ameacha kutetemeka huku akisema hana baridi tena, msimwache alale. Mvueni kilicholowa, mumfunike juu na chini, mumkumbatie, mumpe kinywaji cha moto chenye sukari kama anameza sawasawa, na kiongozi aitwe usiku ule ule.

Jumamosi ya mwisho ya Juni, baada ya alasiri, njooni nyumbani kwangu Wete na mizigo yenu. Mtatandika kwenye sakafu ya saruji, mlale kila mmoja kwa ubavu na kwa mgongo kwa nusu saa, tuone nani nyonga yake inagusa chini. Kisha nitazima taa, na kila mmoja atafute zipu yake, kofia yake na tochi yake gizani. Atakayeshindwa tutarudia mpaka aweze, na uji wa tangawizi utakuwapo.

Mimi dada yenu,
Wete, Pemba