Mwenye maumivu ya kiuno apimwe pia usimamaji wake

Mhariri,

Kurasa za afya zikigusa maumivu ya kiuno, mara nyingi huishia kwenye vidonge, godoro gumu na mkanda wa kushikilia kiuno. Sisi tunaofanya kazi ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, tunaomba jambo moja liongezwe: mtu ambaye kiuno kimemsumbua zaidi ya miezi 3 apimwe pia namna anavyosimama.

Misuli midogo iliyoshikana na pingili za uti wa mgongo hutegemeza kiuno, na pia ina vihisi vinavyoujulisha ubongo kiuno kimekaaje. Maumivu yakidumu, misuli hiyo hunywea na taarifa zake hufifia. Mwili hujihami kwa kukikaza kiuno kizima, na kazi ya kuuzuia usiyumbe ikaachiwa vifundo vya miguu. Kwenye sakafu tambarare yenye mwanga, mtu haoni tofauti. Hatari iko gizani, kwenye mchanga, bafuni penye utelezi, au anaposhuka daladala kabla haijasimama sawasawa. Tena maumivu yakiisha, si lazima misuli hiyo irudi yenyewe. Mazoezi ndiyo huirudisha.

Kujipima ni rahisi. Simama pekupeku karibu na ukuta au meza nzito, macho wazi, inua mguu mmoja bila kuuegemeza kwenye mwenzake. Asiyefikisha sekunde 10 kwa mguu wowote ana kazi ya kufanya, hasa aliyevuka miaka 50. Kipimo cha kufumba macho ni kigumu zaidi. Kisifanywe bila mtu pembeni.

Zoezi la kuanzia: piga magoti, weka viganja sakafuni, usawa wa mabega. Nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, shikilia sekunde 5 hadi 8, rudisha, badilisha upande. Fanya mara 8 kila upande. Wengi huinua mguu kupita usawa wa mgongo, kiuno kikabonyea na maumivu yakachachamaa. Wengine hubana pumzi. Mwombe mtu akuwekee sahani ya plastiki kiunoni: ikidondoka, ujue nyonga imepinda. Basi acha mkono, nyoosha mguu peke yake, hata vidole vikibaki sakafuni. Ukilimudu, simama unyayo mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, sekunde 30, kisha badilisha miguu. Kukimbilia kusimama juu ya mto au godoro wiki ya kwanza ni kutafuta kuanguka.

Kuhusu mkanda, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 juu ya maumivu sugu ya kiuno haupendekezi mikanda, mazoezi unayapendekeza. Inasikitisha kwamba wazee wetu bado wanauziwa mikanda na kuivaa kutwa nzima, bila mtu wa kuwaonyesha hata zoezi moja.

Ombi letu kwa zahanati na vituo vya afya: mgonjwa wa kiuno asimamishwe kwa mguu mmoja kabla hajatoka chumba cha daktari. Ni dakika moja, na hakuna kifaa cha kununua.

Mwenye ganzi makalioni au sehemu za siri, aliyeshindwa kuzuia au kutoa mkojo, au ambaye mguu umelegea ghafla, asijaribu mazoezi haya. Aende hospitali siku hiyohiyo.

Wataalamu wa fiziotherapia,
Dar es Salaam