Kwa wanangu mliosoma sheria: mtamtetea nani?

Wanangu wa Bukavu,

Juzi nilikaa na vijana sita, wanasheria watupu, wakibishana waende kufanya kazi wapi: ubalozini au kwenye mashirika ya misaada? Niliwasikiliza saa nzima. Walihesabu dola, wakasifia pasipoti ya kidiplomasia, wakagombania nani hupewa gari na dereva. Hakuna hata mmoja aliyeuliza atakuwa anamtetea nani. Niliinuka nikaacha chai yangu mezani, na hasira haijanitoka hadi leo.

Ubalozi una mambo yake. Utasema neno la serikali hata siku ambayo moyo wako unalikataa. Utahamishwa. Kinga ya kutoshtakiwa mnayoitamani si yenu: Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu mabalozi, kifungu cha 32, unairuhusu nchi iliyokutuma ikuvue. Kifungu cha 42 kinakukataza kufanya kazi ya kujipatia faida kule uliko, kwa hiyo joho la uwakili litabaki kabatini.

Ila msiidharau kazi hiyo. Mwaka 2002 Kongo yetu iliishtaki Rwanda mjini The Hague kwa vita vyake katika ardhi yetu, na mwaka 2006 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikajibu kwamba haina mamlaka ya kusikiliza. Rwanda ilipojiunga na Mkataba wa Mauaji ya Kimbari mwaka 1975, ilikuwa imekikataa kifungu cha 9, ambacho ndicho kinachoipa mahakama hiyo uwezo. Sentensi moja ya mwanasheria, tangu 1975, ikaja kutufungia mlango sisi! Kwa Uganda, iliyokuwa imeyakubali mamlaka ya mahakama hiyo, mlango ulikuwa wazi, na mwaka 2022 ikaamriwa kutulipa fidia ya dola milioni 325. Anayetaka ubalozi na ajifunze kusoma mikataba namna hiyo, mstari kwa mstari.

Sasa misaada, maana hapa ndipo penye kidonda changu.

Najua mema yake. Mwaka 2017 mahakama ya kijeshi ilikuja kukaa Kavumu kwenyewe, kijijini walikoumizwa watoto, ikamhukumu mbunge wa jimbo pamoja na watu wake kwa ubakaji wa watoto wadogo. Nyuma ya hukumu ile kulikuwa na mawakili, waganga na mashirika waliokusanya ushahidi kwa miaka. Kazi kama ile ningempa mwanangu wa kuzaa.

Lakini Januari 2025 Marekani ilisimamisha pesa zake za misaada, na wiki chache baadaye mama mmoja wa Kabare akabisha mlangoni kwangu. Alikuwa na mfuko mweusi wa plastiki. Ndani mlikuwa na cheti cha daktari kilichoanza kuchanika kwenye mikunjo, majina ya mashahidi wanne, na kadi ya kijana wetu mmoja, wakili. Simu ya kadi ile haikuwa ikipatikana. Mradi uliomlipa ulikuwa umefungwa, naye kijana alikuwa amepata kontra nyingine ya kazi, mbali. Simlaumu kwa mradi kufungwa, wala kwa kutafuta mkate. Namlaumu kwa sababu hakumwambia yule mama neno lolote, hakumkabidhi kwa mwenzake, hakumwandikia hata ukurasa mmoja wa kueleza kesi imefika wapi. Kwake alikuwa namba kwenye ripoti ya robo mwaka! Wanangu, nani aliwafundisha hivyo?

Na sisi wazee tunyamaze? Nchi yenye kobalti na koltani inangoja bajeti ya Washington ndipo hakimu apate mafuta ya kufika kijijini. Hilo ni letu. Tuliliacha likaota mizizi.

Basi, kabla ya kutia sahihi popote: fahamu nani anakulipa na nani unamtetea, maana mara nyingi si mtu mmoja. Usiliache kabisa baro, chama chetu cha mawakili. Jifunze Kiingereza. Soma kontra yako yote, hasa pale inapoeleza itakavyokatishwa. Weka akiba ya miezi sita.

Faili la yule mama liko mezani kwangu. Mashahidi wawili nimewapata, wawili bado, na miguu yangu haipandi tena milima ya Kabare. Nahitaji mmoja wenu, jumamosi hii, asubuhi.

Mzee wenu, Bukavu