Barua kwa Mama Upendo kuhusu uyoga wa mlimani

Wales, Jumapili jioni, mwanzoni mwa Novemba

Kamwene, Mama Upendo,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, na kila ukifika pale sauti inapokatika najua unalia. Nianze na lile unalotaka kulisikia: mwanao ni mzima. Jana nilikuwa naye kutwa. Anakula, anakwenda darasani, hata mashavu yamejaa kidogo. Ile picha uliyoiona kwenye simu ya Upendo, akiwa mlimani na wenzake wameshika mfuko wa karatasi, ni ya kweli, na uyoga uliomo ndani si wa kuunga na karanga. Sikufichi. Lakini ameniambia hajautia mdomoni, na mimi nimemwamini. Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Nilipanda basi asubuhi nikamfuata chuoni. Sikumgombeza. Nilimwambia, nipeleke ulipokwenda na wenzio. Akanitazama, akaenda kuvaa buti. Tukapanda kilima, katika hii milima ya Bannau Brycheiniog, kwenye malisho ya kondoo. Majira haya mvua ni manyunyu yasiyokoma na nyasi zimelala. Pale uyoga huo ndipo unapoota, kuanzia Septemba hadi baridi kali iingie. Ni kauyoga kadogo mno, kichwa chake hakizidi ukucha wa kidole gumba, kimechongoka juu. Waingereza wanauita kofia ya uhuru, kwa kuufananisha na kofia waliyovaa wanamapinduzi wa Ufaransa. Wataalamu wanauita Psilocybe semilanceata. Ndani yake mna kitu kinachoitwa silosibini, kinachomfanya mtu aone rangi na maumbo yasiyokuwepo, saa zirefuke, acheke au aogope kwa muda wa saa nne hadi sita.

Aliinama mara tatu, akaniwekea vitatu kiganjani. Nikamwuliza, vyote ni kimoja? Akasema ndiyo. Kisha akavitazama tena, akanyamaza. Kimoja shina lake lilikuwa jeusi zaidi, kingine kichwa kilikuwa bapa. Mimi niliyekua na kikapu mkononi nisingeweza kuapa mbele ya mtu kwamba hivi vitatu ni ndugu. Hapo ndipo akaniambia kilichotokea wiki ile ya picha. Wenzake wawili walishika uyoga mmoja. Huyu akasema ndio wenyewe, yule akasema sio. Wakatoa simu, wakapiga picha, simu ikawapa jibu, wakautia mfukoni. Akaniambia, "Ma'mdogo, niliwaza, bibi angemwaga mfuko wote." Basi akasingizia tumbo linamuuma, akarudi chumbani kwake. Ndiyo sababu nimemwamini. Uongo wa kijana hauwezi kuwa na bibi yangu ndani yake.

Kumbe zile hadithi ulizokuwa ukimsimulia alizisikia. Unaikumbuka siku uliyomwagiwa kikapu? Tulikuwa na miaka minane au tisa, nyuma ya shule, kabla hawajapanda misindano, wakati miombo ilikuwa inaanza pale pale mwisho wa uwanja. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha siku mbili. Wewe ulikuwa umeokota mmoja mweupe mzuri, ukauchanganya na mingine bila kumwonyesha. Bibi aliutazama, hakuugusa, akageuza kikapu chote chini, na ule wa kichuguu uliokuwa mkubwa kama sinia ukaenda nao. Ulilia hadi nyumbani. Jioni tulikula ugali na majani ya maboga.

Nimekuwa nikimfikiria sana wiki hii. Mwaka wa kwanza alitubebesha kikapu tu. Hakutuambia "huu unaliwa" akaishia hapo. Alituchimbisha kwa kidole hadi kwenye mguu, kwa sababu siri ya uyoga wa sumu mara nyingi imejificha chini ya udongo, na anayekata shingoni anaiacha shimoni. Ule wa kichuguu alitufuatisha mzizi wake mrefu unaozama mpaka kwa mchwa. Alitunusisha. Alitaja na mti ambao uyoga umeota chini yake. Na asioujua aliupita tu. Hakuupiga teke wala kuutukana. Hapa nimewasikia watu wazima wakisema eti kijiko cha fedha kikibadilika rangi sufuriani uyoga una sumu, au ulioliwa na konokono ni salama. Bibi hakuwa na hata jambo moja la namna hiyo, na nashukuru, maana yote ni uongo na yameua watu.

Nikamweleza mwanao jambo ninaloliogopa kuliko kulewa kwenyewe. Katika uyoga mdogo wa rangi ya kahawia wa huku Ulaya mna mmoja uitwao Galerina marginata. Aliyezoea haraka anaweza kuuchanganya na ule anaoutafuta. Una amatoksini, sumu ile ile ya Amanita phalloides, ambao ndio unaongoza kwa kuua watu duniani. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa wala kukaushwa. Mtu anakula, anakaa saa sita, kumi na mbili, hata zaidi, bila dalili. Kisha anatapika na kuharisha siku nzima. Baadaye anapata nafuu, anaomba uji, ndugu wanashukuru Mungu. Kumbe ini linakufa. Ile nafuu ya katikati ndiyo inayonitisha, Mama Upendo, kwa sababu kijana anayeishi peke yake chumbani ataona amepona, atalala.

Na sisi wageni tuna hatari yetu wenyewe. Jicho lililofundishwa kwao linadanganya ugenini. Mwisho wa mwaka 2011, kule Canberra, Australia, mpishi Mchina aliokota uyoga akawapikia wenzake chakula cha mkesha wa mwaka mpya. Inaaminika aliudhani ni ule wa mashina ya mpunga unaoliwa kwao. Ulikuwa Amanita phalloides. Yeye na mwenzake mmoja walikufa. Mwaka 2021 familia ya Waafghani iliyookolewa kutoka Kabul ilikuwa kambini karibu na Warsaw, Poland. Waliokota uyoga msituni wakapika. Watoto wawili wa kiume, wa miaka mitano na sita, walikufa, na mmoja wao alikuwa ameshapandikizwa ini jipya. Watu waliovuka vita wakiwa hai! Nilipomsimulia hayo alikaa kwenye jiwe. Nami nikakaa.

Si kila kisa ni cha msiba. Mwaka 1799 hapa Uingereza, mtu mmoja alikwenda asubuhi kuokota uyoga katika bustani ya Green Park, katikati ya London, akaupika mchuzi, akaula na watoto wake asubuhi ile ile. Muda mfupi baadaye akaanza kuona weusi na rangi, miguu ikamkataa, na mtoto wake wa miaka minane akawa anacheka asiweze kujizuia, wazazi wakimkemea bure. Daktari Everard Brande aliitwa, akaandika kila alichokiona, na wote wakapona. Watafiti wanaona ulikuwa ndio huu huu wa kofia iliyochongoka. Ninachokishika katika kisa hicho ni kwamba baba yule alidhani anaokota chakula.

Sheria nayo sikuiacha. Hadi mwaka 2005 uyoga huu ukiwa mbichi uliuzwa wazi kwenye vibanda vya London. Mwaka huo bunge likaufungia hata ukiwa mbichi. Sasa uko daraja A, pamoja na heroini na kokeini. Kukutwa nao tu ni kifungo hadi miaka saba. Kumpa mwenzio, hata bure, kunahesabiwa kuwa ni kusambaza, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Yeye yuko hapa kwa viza ya masomo. Nilimwambia, ule mfuko wa karatasi mlioushika wote kwenye picha, polisi hatauliza ni wa nani. Picha ameifuta mbele yangu na amewaomba wenzake waifute.

Sasa nifike kwenye lile ulilolinong'ona mwishoni mwa ujumbe wako. Umeuliza kama ni kweli wazungu wanautumia kutibu msongo. Ni kweli, na nisingependa nikuambie ni uhuni mtupu. Mwaka 2016 watafiti wa Imperial College London walitoa matokeo ya wagonjwa 12 wa sonona ambao dawa nyingine zilikuwa zimewashinda, na wengi walipata nafuu. Tafiti kubwa zaidi zimefuata. Australia tangu Julai 2023 inawaruhusu madaktari bingwa wa akili wenye kibali kuitumia silosibini kwa wagonjwa wa aina hiyo. Lakini pale dawa imepimwa kwa miligramu, mgonjwa ameandaliwa siku kadhaa, na watu wawili waliofunzwa wanakaa naye mpaka mwisho. Na kabla ya yote wanamuuliza: kwenu kuna aliyewahi kuugua akili, kusikia sauti, kuona yasiyokuwepo? Akijibu ndiyo, kwa kawaida hawamchukui.

Unajua kwa nini naandika hili polepole. Kaka yako. Mwanao alikuwa mdogo sana, anajua tu kwamba mjomba "aliumwa". Nimemwambia ukweli, Mama Upendo, bila kukuomba ruhusa kwanza. Nisamehe. Nimemwambia mjomba wake alikuwa na akili kuliko sisi wote darasani, kwamba alianza kusikia sauti akiwa na umri wake yeye huyu, na kwamba ugonjwa ule una damu ya ukoo ndani yake. Kitu kinachofungua mlango wa namna hiyo kwa mtu mwingine kwa saa sita, kwake huenda kisiufunge. Aliuliza, "Kwa nini mama hakuniambia?" Sikuwa na jibu langu la kumpa. Hilo mtaongea ninyi.

Tulivyokuwa tunashuka alinishangaza kwa swali: kama uyoga huu ni dawa, nani alikuwa bibi wa watu hao? Nikamweleza habari za María Sabina. Alikuwa mganga wa Wamazateki, wa Huautla de Jiménez, milima ya Oaxaca kule Meksiko. Kwao uyoga waliuita watoto watakatifu. Ulichumwa alfajiri, ukaliwa usiku gizani, yeye akiimba, na uliliwa kwa sababu kuna mgonjwa. Mwaka 1955 alifika Mmarekani mwenye cheo benki, R. Gordon Wasson. Ili akubaliwe aingie katika kesha lile, alisema ana wasiwasi na mwanawe aliyeko mbali. María Sabina alimpokea kama mzazi. Mwaka 1957 habari na picha zikatoka katika gazeti la Life. Mwaka uliofuata mkemia wa Uswisi, Albert Hofmann, akaitenga silosibini maabara. Vijana wa Marekani na Ulaya wakamiminika Huautla wakila uyoga mchana, njiani, bila mgonjwa. Wanakijiji walimlaumu yule mama, nyumba yake ikachomwa moto. Mwenyewe alisema watoto watakatifu walipoteza nguvu tangu wageni walipokuja kumtafuta Mungu kwa njia hiyo. Alifariki mwaka 1985, maskini. Kila nikikumbuka kwamba mlango ulifunguliwa kwa kutaja mtoto aliyeko mbali, moyo unaniuma. Leo naukumbuka kwa sababu yako.

Hata kusini mwa bara letu, Lesotho, mwaka 2024 watafiti waliandika kuhusu waganga wa Kibasotho wanaotumia uyoga wa jamii hiyo, unaoota kwenye malisho yenye samadi. Kwa hiyo si mambo ya wazungu peke yao. Lakini kote huko nilikosikia, yupo mtu aliyemshika mwenzake mkono akamwonyesha, na yupo anayekaa macho mwingine akiwa safarini. Wale vijana wa mlimani wana simu.

Basi likachelewa, tukasimama kituoni tumelowa. Akaanza kuniuliza uyoga wa kwetu: upi ulitangulia mvua, upi ulikaushwa, kwa nini bibi alichemsha mmoja na kumwaga maji lakini ya mwingine hakuyamwaga. Mengine nimesahau, nikaona aibu. Akasema akija Desemba anataka mumpeleke. Akauliza kama bado kuna miombo au imebaki misindano peke yake. Nimemwambia kule juu ya mto ipo.

Mpigie Jumatano jioni, hana vipindi. Usianze na uyoga, anza na mjomba.

Akija, mwaka huu abebe kikapu tu. Kile cha bibi kipo kwa mama, kwenye dari la jikoni, upande wa kuni. Mpini umelegea, mpe fundi aufunge kabla mvua hazijaanza.

Ni mimi,
Ma'mdogo wake